Sintesaiza ya moduli: muziki wa umeme unaopikwa papo hapo, na kwa nini fundi redio wako ni mtu muhimu

Leo siasa zipumzike kidogo, tuongee muziki. Kijana anayependa muziki na anaishi mbali na Dar huwa anajiuliza swali moja: studio niipate wapi? Ukiwa Masakta, kule Hanang mkoani Manyara, studio zenye majina ziko mbali na nauli si mchezo. Lakini siku ya gulio humkosi fundi redio na boksi lake la redio zilizokufa. Shikilia picha ya hilo boksi, maana tutalirudia.

Sintesaiza ya moduli ni nini?

Kinanda cha kawaida cha umeme kinakuja kimekamilika. Unabonyeza, sauti inatoka, na mtengenezaji ameshakuamulia mengi. Sintesaiza ya moduli imekatwa vipande vipande, na kila kipande, yaani moduli, kina kazi yake. Osileta inatoa mlio mbichi. Chujio linapunguza ukali wa mlio huo, kama unavyochuja chai. Amplifaya inaamua sauti isikike au inyamaze. Sikwensa inatoa amri kwa zamu: sasa juu, sasa chini, sasa tulia.

Vipande hivi havina uhusiano wowote mpaka wewe uviunganishe kwa waya, na kinachopita kwenye waya ni volteji tu. Hiyo ndiyo maana ya analogi: umeme wenyewe unapanda na kushuka, na sauti inaufuata. Katika mfumo unaotumika zaidi, ukiongeza volti 1 kwenye osileta, mlio unapanda okteva nzima, yaani toka "do" mpaka "do" ya juu yake. Utamu ni kwamba kipande chochote kinaweza kuamrisha kingine. Osileta ya polepole sana, ambayo huisikii kama mlio, inaweza kulifungua na kulifunga chujio, ukasikia sauti inapumua.

Imetoka wapi?

Miaka ya 1963 na 1964 Wamarekani wawili, Robert Moog upande wa New York na Don Buchla huko California, walitengeneza mashine za namna hii kila mtu kivyake. Moog aliambatanisha vibonyezo kama vya piano. Buchla hakuvitaka, aliona vitamrudisha mtu kwenye muziki ule ule wa zamani. Mwaka 1968 Wendy Carlos alitoa albamu ya muziki wa Bach aliyoipiga kwa mashine ya Moog, dunia ikashtuka. Katikati ya miaka ya 1990 Mjerumani Dieter Doepfer akaleta mfumo wa moduli ndogo unaoitwa Eurorack, na huo ndio umeenea mpaka leo.

Kabla hujasema haya ni mambo ya Wazungu, kumbuka kwamba mwaka 1944 mjini Cairo, Mmisri Halim El-Dabh alirekodi ngoma ya zaar kwa mashine ya waya wa sumaku, kisha akaichezea ile sauti studio mpaka ikawa kitu kingine kabisa. Wakati huo hao akina Moog walikuwa bado watoto.

Jamaa wa Kampala

Sasa tuje nyumbani. Moduli moja ya Eurorack ikiwa mpya mara nyingi inauzwa kati ya dola 100 na 400, na moja haitoshi. Mfumo kamili unafika maelfu ya dola, hujalipa usafiri wala ushuru. Brian Bamanya wa Kampala, Uganda, alikutana na ukuta huo huo. Yeye akatafuta michoro ya saketi kwenye intaneti, akajisomea, akakusanya vipuri, akazitengeneza moduli mwenyewe. Mashine yake aliipa jina la Afrorack, na jina hilo ndilo analotumia pia jukwaani.

Mwaka 2022 alitoa albamu yenye jina hilo hilo kupitia lebo ya Hakuna Kulala ya Kampala (ndiyo, Kiswahili safi kabisa). Lebo hiyo ni ndugu wa Nyege Nyege Tapes, wale waliotoa mkusanyiko wa singeli ya studio ya Sisso ya Dar mwaka 2017. Kwa hiyo singeli yetu na Afrorack wamepita mlango mmoja kwenda duniani. Tofauti ni kwamba singeli ilijengwa kwenye kompyuta, Bamanya yeye aliamua kuijenga ala yenyewe.

Kupiga bila kuandaa

Hapa ndipo watu wengi wanapachanganya. Kwa kawaida mashine ya moduli ya analogi haina kumbukumbu. Hakuna pa kubonyeza "hifadhi". Ukichomoa nyaya, wimbo umekwenda na hata wewe hutaurudisha ulivyokuwa. Tena osileta hizi zinasikia baridi na joto: uliyoipanga mchana, usiku wa Hanang itakuwa imehama kidogo. Ndiyo maana wapigaji wengi hawaandai wimbo. Wanakaa, wanachomeka, wanasikiliza, wanajibu.

Jambo hili si geni kwetu. MC wa singeli anayechana fristaili anajibu mdundo na umati ulio mbele yake. Kwa Wairaqw wanaoishi Mbulu na Hanang kuna slufay, ambapo mzee anatamka maneno ya baraka na maombi, na waliokaa wanaitikia. Kwa mashine ni hivyo hivyo: moja inaita, nyingine inaitikia, na wewe unasimamia mazungumzo.

Kanuni ya kuanzia ni fupi. Anza na sauti moja. Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukipata kitu kizuri kiache kikae, usikimbilie kingine. Ukipotea, chomoa waya mmoja. Na kila mara washa rekoda ya simu, maana hutaisikia tena.

Anza na chipu moja

Rudi kwenye boksi la fundi. Muulize chipu ya CD40106 (yenye miguu 14, kama hana, maduka ya vipuri vya elektroniki mjini wanaweza kuwa nayo). Ndani yake mna vipande sita, na kila kimoja kinaweza kuwa osileta.

1. Mguu wa 14 peleka kwenye chanya ya bateri ya volti 9, mguu wa 7 kwenye hasi.
2. Kapasita ya mikrofaradi 0.1 iweke kati ya mguu wa 1 na hasi.
3. Kati ya mguu wa 1 na wa 2 weka rezista ya kilo-ohm 10 ikifuatana na volyumu ya kilo-ohm 100, ile ile ya kuongezea sauti kwenye redio.
4. Miguu ya 3, 5, 9, 11 na 13 ambayo hujaitumia iunganishe na hasi, la sivyo chipu itahangaika.
5. Sauti inatoka mguu wa 2, lakini ina nguvu mno kwa spika yenye amplifaya. Pitisha kwenye rezista ya kilo-ohm 100, halafu toka hapo weka nyingine ya kilo-ohm 10 kwenda hasi. Sauti ichukue katikati ya hizo mbili kupitia kapasita ya mikrofaradi 1, na hasi ya bateri iungane na hasi ya spika.

Zungusha volyumu. Utapata mlio wa kuanzia mitetemo mia na ushee kwa sekunde hadi zaidi ya 1,000, kutegemea chipu na bateri yako.

Sasa uhondo. Toa mguu wa 3 kwenye hasi, utengeneze osileta ya pili kwa miguu ya 3 na 4, ila kapasita yake iwe ya mikrofaradi 10 (upande wenye alama ya kutoa uende kwenye hasi). Hii itakuwa inagonga polepole kama mapigo. Chukua diodi ndogo, upande usio na mstari uende mguu wa 4, upande wenye mstari uende mguu wa 1. Osileta ya polepole itaikatiza ile ya haraka: inalia, inanyamaza, inalia. Hapo kipande kimoja kimeamrisha kingine, na ndicho kinachofanyika kwenye mashine ya dola elfu kumi. Ukiweka rezista inayobadilika kwa mwanga badala ya volyumu, utapiga kwa kivuli cha mkono wako.

Tahadhari: usiguse kabisa umeme wa ukutani. Chipu hii inavumilia volti 3 hadi 15, lakini betri kubwa ya sola nyaya zikigusana inaweza kuwasha moto, kwa hiyo ya volti 9 inatosha. Na usianze na spika ikiwa juu.

Mbona kompyuta inafanya yote hayo?

Ni kweli, na wala si dhambi. Tangu 2017 kuna programu ya VCV Rack inayoiga moduli za Eurorack kwenye kompyuta, na ina toleo la bure. Kama kompyuta ipo, jifunzie humo kwanza. Ila programu haitakufundisha kushika pasi ya kulehemu, na siku ikigoma utamsubiri aliyeitengeneza.

Ndiyo maana nasema fundi redio ni mtu muhimu. Redio za bei chee siku hizi zikifa zinatupwa, wateja wake wanapungua, na anayoyajua hayajaandikwa popote. Akifunga meza yake, ujuzi unakwenda naye. Yeye anajua umeme lakini huenda hajawahi kuwaza kutengeneza ala. Wewe una masikio na muda, ila mguu wa 14 wa chipu huujui. Bamanya alilazimika kuwa wote wawili. Kijijini mnaweza kugawana kazi.

Mwenye swali kuhusu saketi, au aliyejaribu ikagoma, aandike hapo chini kwenye maoni tusaidiane. Na ikilia, rekodi utuambie. Tuko pamoja.