Ngazi ya Mjomba na Kuta za Thimlich

Mwaka jana mjomba wangu alianza kujenga gorofa nyumbani kwao, Homa Bay. Alisisitiza kitu kimoja: ngazi lazima izunguke. "Kama zile za watu wakubwa," aliniambia, halafu akanipa kazi ya kuichora, eti mimi ndiye niliyesomea usanifu majengo. Nilisoma miaka miwili tu kabla karo kuisha, lakini kwa familia bado mimi ni msanifu.

Fundi hakufurahi. Ngazi iliyonyooka ni rahisi: unapiga mbao, unamwaga zege, umemaliza. Kwa ile ya kuzunguka, kila kipandio ni chembamba upande wa ndani na kipana upande wa nje. Vyuma vinapindwa kimoja kimoja. Bei ilipanda, mjomba akalipa bila kuguna.

Kilichoniuma ni kwamba ili gorofa ipate nafasi, nyumba ya dani ilibomolewa. Ilikuwa nyumba ya udongo, ya mviringo. "Imepitwa na wakati," mjomba alisema.

Wiki hiyo nikapanda boda kutoka Rodi Kopany kwenda Thimlich Ohinga, upande wa Migori. Nilikuwa nimewahi kupaona kwenye slaidi za darasani tu. Wueh! Kuta za mawe matupu, bila simiti wala udongo, zimesimama tangu karne ya 16 hivi. Zina urefu wa mita 1.5 hadi 4.5 na unene wa karibu mita moja. Mawe makubwa yamepangwa nje na ndani, madogo yakajazwa katikati, yanashikana kwa uzito wao wenyewe. Lango ni fupi: lazima uiname, na adui anayeinama hawezi kupigana vizuri.

Halafu kuta zinapinda. Zinazunguka boma kama mto unavyozunguka kilima. Hiyo haikuwa mapambo. Kona ndiyo sehemu dhaifu ya ukuta usio na simiti, na mviringo hauna kona. Pia duara hukupa eneo kubwa zaidi kwa mawe machache zaidi. Jamii mbalimbali ziliishi humo kwa zamu, kila moja ikikarabati kwa mtindo uleule. Mwaka 2018 UNESCO ikapaorodhesha kuwa Urithi wa Dunia.

Basi mviringo ulitutoka lini? Mimi naangalia paa. Nyasi hufuata umbo lolote, lakini bati ni shiti iliyonyooka. Ukitaka bati bila kukatakata na kupoteza pesa, jenga kuta zilizonyooka. Mabati yalipoenea, nyumba za pembe nne zikawa maendeleo na za mviringo zikawa umaskini. Leo tunaurudisha mviringo kupitia ngazi, kwa bei ghali, tukidhani umetoka Ulaya.

Ngazi ya mjomba imekamilika, na nakubali ni nzuri. Inapanda polepole, jicho halikwami popote. Dani haipandi, magoti hayamruhusu. Analala chumba cha chini. Siku ya kuhamia alisimama pale chini, akapitisha kiganja kwenye ule ukuta uliopinda, kisha akamuuliza mjomba: "Kumbe ulikuwa unajua kujenga hivi?"

Mjomba alicheka. Mimi sikucheka.