Kadi Isiyokataliwa

Mwaka 1961 maofisa wa kodi wa Marekani walimfuata Valentine Byler, mkulima wa jamii ya Waamishi huko Pennsylvania, wakamkuta shambani analima. Walimfungulia farasi watatu kwenye jembe, wakaenda kuwauza. Kosa lake lilikuwa kukataa kuchangia Hifadhi ya Jamii, mfuko wa pensheni wa taifa. Waamishi huamini kwamba mzee ni wa kutunzwa na wanawe na kanisa lake, si na serikali. Habari hiyo ilienea nchi nzima, na serikali ikaona haya. Miaka minne baadaye, sheria ile ile ya 1965 iliyoanzisha Medicare, bima ya serikali ya matibabu kwa wazee, iliwaruhusu waumini wa aina hiyo waliojiajiri wasichange wala wasipokee.

Sharti la ruhusa hiyo lilikuwa wazi: anayetoka, atoke mzima. Wamarekani waliokuja kwenda mahakamani baadaye walitaka jambo jingine. Walitaka kubaki na pensheni yao na kuiacha bima ya hospitali, ingawa zote mbili walikuwa wamezichangia.

Pensheni ndiyo iliyotangulia. Franklin Roosevelt alipotia saini Sheria ya Hifadhi ya Jamii mnamo Agosti 14, 1935, matibabu hayakuwemo, kwa kuwa ilihofiwa kwamba upinzani wa Chama cha Madaktari cha Marekani ungeiangusha sheria nzima. Januari 1940 Ida May Fuller wa Vermont alipokea hundi ya kwanza ya pensheni ya kila mwezi, dola 22.54. Harry Truman alilileta suala la bima ya afya bungeni mwaka 1945, madaktari wakamshinda. Mwaka huo huo wa farasi wa Byler, Ronald Reagan, akiwa bado mwigizaji, alirekodi santuri ya kuwaonya wananchi kwamba tiba ya serikali ni njia ya kuelekea ujamaa.

Watetezi wa bima walijifunza kutokana na vipigo hivyo. Waliacha kudai bima ya watu wote, wakawachagua wazee, kisha wakaifunga bima hiyo na pensheni ambayo tayari ilipendwa. Lyndon Johnson aliitia saini sheria Julai 30, 1965, mjini Independence, Missouri, mbele ya Truman mwenyewe, aliyepewa kadi ya kwanza. Mtu aliyechangia kazini hakuombwa kuthibitisha umaskini wake. Alilazwa hospitali kwa haki yake, si kwa sadaka. Malipo ya madaktari yaliwekwa katika sehemu ya pili ya hiari, dola 3 kwa mwezi, na asiyeitaka aliiacha. Sehemu ya kwanza, ile ya hospitali, ilitokana na makato ya mishahara, na kila mwenye pensheni aliyefika miaka 65 aliingizwa moja kwa moja. Nguvu ya fedha hizo ilionekana mapema: hospitali zilizotaka kulipwa zililazimika kuacha kuwatenga wagonjwa weusi, na wodi nyingi za Kusini zikafunguliwa ndani ya muda mfupi.

Wazee wengi hudhani michango yao ni akiba iliyowekwa kwa majina yao. Sivyo. Mwaka 1960 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Ephram Nestor, mhamiaji kutoka Bulgaria aliyechangia kwa miaka 19, akafukuzwa nchini kwa kuwa aliwahi kuwa mkomunisti, na pensheni yake ikasitishwa. Majaji walisema michango haimpi mtu umiliki wa mafao; Bunge linaweza kubadili masharti.

Mkazo wa kweli ulikuja mwaka 1993, kupitia miongozo ya ndani ya Idara ya Hifadhi ya Jamii. Anayetaka kuondoka kwenye bima ya hospitali aondoe pia ombi lake la pensheni, na arudishe kila dola aliyokwisha kupokea. Mwaka 2008 wastaafu wachache walishtaki. Miongoni mwao alikuwamo Dick Armey, aliyewahi kuwa kiongozi wa walio wengi katika Baraza la Wawakilishi. Walitaka kubaki na bima zao binafsi, na walilalamika kwamba kampuni za bima ziliwapunguzia huduma kwa sababu Medicare ilikuwepo.

Jaji Rosemary Collyer aliikubali kesi isikilizwe, kisha mwaka 2011 akaipa serikali ushindi. Februari 2012 Mahakama ya Rufani ya Washington ilimuunga mkono kwa kura mbili dhidi ya moja. Brett Kavanaugh, aliyeandika hukumu, alikiri kwamba ni kesi ya ajabu, watu kuishtaki serikali kwa sababu hawataki manufaa yake; lakini kwa mujibu wa sheria, mzee anaweza kuacha kuitumia bima, hawezi kuikana haki yenyewe. Jaji Karen Henderson alipinga, akiona idara imejitwalia mamlaka ambayo sheria haikuipa. Mwanzoni mwa 2013 Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza rufaa.

Kwa maoni yangu Henderson alikuwa karibu zaidi na busara. Waliotaka kutoka hawakudai kurudishiwa michango. Wangeuachia mfuko fedha zao na kuupunguzia gharama. Hofu ninayoielewa ni ya kisiasa: matajiri wakishazoea kutoka, kesho watauliza kwa nini wachangie. Lakini hiyo ni hoja ya kubishaniwa bungeni, haikustahili kufichwa katika mwongozo wa makarani.

Oktoba 2019 Donald Trump aliagiza pensheni itenganishwe na bima hiyo, na Seneta Ted Cruz wa Texas amewahi kupeleka muswada wenye lengo hilo. Muswada haukuwa sheria. Linalobaki ni kuahirisha pensheni, hatua inayowafaa hasa wenye akaunti za akiba ya matibabu, kwa kuwa mtu akishaingizwa Medicare haruhusiwi kuzichangia tena. Kuahirisha huongeza pensheni hadi mtu afike miaka 70. Ila anayeweza kusubiri ni yule mwenye kipato kingine cha kumlisha.