Kanisa la Emmanuel, Freretown: Historia ya Parokia Iliyoanzishwa na Watumwa Walioachwa Huru

MOMBASA – Msafiri avukaye daraja la Nyali kutoka Kisiwa cha Mombasa kuelekea Kisauni hupita mahali paitwapo Kengeleni. Jina hilo limetokana na kengele iliyotundikwa katika mnara mdogo wa mawe ulio kando ya barabara. Karibu na mnara huo ndipo lilipo Kanisa la Emmanuel, mojawapo ya makanisa ya kale ya Kianglikana nchini Kenya, lililojengwa katika miaka ya 1880 kwa ajili ya watu waliookolewa katika biashara ya utumwa.

Makala haya yanaeleza asili ya parokia hiyo, watu waliounda ushirika wake wa kwanza, mchango wao katika historia ya Kanisa, elimu na lugha ya Kiswahili, pamoja na suala la ardhi ambalo limewafuata wazao wao hadi leo.

Asili ya makazi ya Freretown

Chama cha kimishenari cha Kanisa la Uingereza, kijulikanacho kwa kifupi kama CMS, kiliingia Mombasa mwaka 1844 kwa kuwasili kwa Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyekuwa amehudumu Uhabeshi. Miezi michache baada ya kufika, Krapf alimpoteza mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga. Kaburi lao liko upande wa bara, si mbali na mahali palipokuja kuwa Freretown. Mwaka 1846 Krapf na mwenzake Johannes Rebmann walifungua kituo cha Rabai, na kwa takriban miaka 30 iliyofuata kazi yao ilibaki kuwa ndogo, waumini wakiwa wachache.

Hali ilibadilika kutokana na mkataba uliotiwa sahihi Unguja tarehe 5 Juni, 1873. Sultani Barghash bin Said, akishinikizwa na serikali ya Uingereza, alikubali kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari na kufunga masoko ya watumwa katika himaya yake. Mjumbe wa Uingereza aliyekuwa ametumwa kujadili jambo hilo alikuwa Sir Bartle Frere, aliyewahi kuwa Gavana wa Bombay. Manowari za Kiingereza zilizokuwa zikikamata majahazi ya watumwa zilihitaji mahali pa kuwashusha watu waliookolewa. Kabla ya hapo wengi wao walipelekwa Bombay au Ushelisheli, mbali na bara walikozaliwa.

Frere alipendekeza makazi ya kudumu yaanzishwe Mombasa. CMS ilimtuma Kasisi William Salter Price, aliyefika mwezi Novemba, 1874. Ardhi ilinunuliwa upande wa bara, eneo la Kisauni, likitazamana na mji wa Mombasa ng'ambo ya maji. Makazi hayo yalipewa jina la Freretown kwa heshima ya Frere.

Waafrika wa Bombay

Wakazi wa kwanza wa Freretown walitoka India. Tangu miongo ya katikati ya karne ya 19, watoto wa Kiafrika waliookolewa baharini na kufikishwa Bombay walikuwa wakipelekwa katika kituo cha CMS cha Sharanpur, karibu na mji wa Nasik, kilichokuwa chini ya usimamizi wa Price mwenyewe. Huko walifundishwa kusoma, kuandika na kazi za ufundi, wakabatizwa na kupewa majina ya Kiingereza. Watu hao walijulikana kama Waafrika wa Bombay.

Baadhi yao walirejea Afrika mapema. Mwaka 1864 William Jones, Ishmael Semler na George David walikuwa miongoni mwa waliopelekwa Rabai kumsaidia Rebmann. Makazi ya Freretown yalipoanzishwa, zaidi ya Waafrika 100 kutoka Bombay waliitwa wawe walimu, mafundi na viongozi wa jumuiya mpya.

Mwezi Septemba, 1875, manowari ya HMS Thetis ilileta Freretown kundi kubwa la kwanza la watumwa waliookolewa, zaidi ya watu 250, wakiwemo watoto wengi. Walikuwa wamekamatwa katika maeneo ya bara ya kusini, hasa nchi zilizo jirani na Ziwa Nyasa, na miongoni mwao walikuwemo Wayao, Wanyasa na Wamakua. Hawakuwa na lugha moja ya mama wala ukoo mmoja. Kiswahili kikawa lugha yao ya pamoja, na kanisa likawa mahali pao pa kukutania.

Kengele na ulinzi

Mkataba wa 1873 haukukomesha utumwa wenyewe. Ulizuia kusafirisha na kuuza, lakini mwenye watumwa aliendelea kuwamiliki. Kwa sababu hiyo watumwa wengi wa Mombasa na mashamba ya pwani walitoroka na kutafuta hifadhi katika vituo vya misheni, hususan Freretown na Rabai. Wenye mali walidai warudishiwe watu wao, na mwaka 1880 uhasama ulifikia kiwango cha kutishia makazi hayo kushambuliwa.

Kwa mapokeo ya wenyeji, kengele ya Freretown ilipigwa kuwaonya wakazi kila walipoonekana watu waliokuja kukamata watumwa, ili watoto na watu wazima wakimbilie mahali pa usalama. Katika siku za kawaida kengele iliita watu kazini, shuleni na kwenye ibada.

Maisha ya ndani ya makazi nayo hayakuwa mepesi. Wamishenari walitunga sheria zao, wakatoa adhabu na kuwa na jela. Mwaka 1881 malalamiko kuhusu viboko na adhabu kali yalisababisha uchunguzi wa maofisa wa Uingereza, na msimamizi wa makazi akaondolewa. Waafrika wa Bombay, ambao walijua kusoma na kuandika, walikuwa mstari wa mbele kuwasilisha malalamiko hayo. Tukio hilo ni kati ya mifano ya awali katika pwani ya Kenya ya Waafrika kutumia maandishi kudai haki mbele ya mamlaka.

Mashemasi wa kwanza

Mwaka 1884 Kanisa la Uingereza liliunda Dayosisi ya Ikweta ya Mashariki ya Afrika, na James Hannington akawekwa kuwa askofu wake wa kwanza. Alifika Freretown mwezi Januari, 1885. Tarehe 31 Mei mwaka huo, siku ya Utatu, aliwaweka William Jones na Ishmael Semler kuwa mashemasi. Hao ndio Waafrika wa kwanza kupewa daraja hilo katika nchi ambayo leo ni Kenya. Walikuwa wamelitumikia Kanisa kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kulipata, na baadaye wote wawili wakawa makasisi.

Mwezi Julai, 1885, Hannington aliondoka pwani na msafara wa wapagazi kuelekea Buganda kwa njia ya Umasaini. William Jones alikuwa msaidizi wake. Askofu alitangulia na kundi dogo, akakamatwa Busoga na kuuawa tarehe 29 Oktoba, 1885 pamoja na wengi wa aliosafiri nao. Jones, aliyeachwa nyuma na sehemu kubwa ya msafara, aliwaongoza manusura kurudi pwani, wakawasili mwezi Februari, 1886. Kwa familia za Freretown na Rabai, msiba huo haukuwa wa askofu peke yake, kwa kuwa miongoni mwa wapagazi walikuwamo watu wa jumuiya hizo.

Cheti cha uhuru cha mwaka 1889

Suala la watoro lilirudi kwa nguvu mwaka 1888, wakati Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilipopewa hati ya kifalme na kuanza kutawala ukanda wa pwani kwa niaba ya Sultani. Ilibainika kwamba mamia ya watu waliokuwa wakiishi katika vituo vya misheni walikuwa bado watumwa kisheria. Price alirudi kutoka Uingereza kushughulikia jambo hilo, na George Mackenzie, mkuu wa kampuni, akafikia makubaliano na wenye watumwa ili walipwe fidia.

Tarehe 1 Januari, 1889, katika hafla iliyofanyika Rabai, zaidi ya watu 1,400 walikabidhiwa vyeti vya uhuru. Fidia ilikwenda kwa waliowamiliki. Walioachwa huru walipata karatasi, bila ardhi wala malipo ya kazi waliyofanya. Hali ya kisheria ya utumwa katika pwani ya Kenya ilifutwa mwaka 1907, miaka 12 baada ya Uingereza kutangaza himaya yake tarehe 1 Julai, 1895.

Shule, chuo na lugha

Kizazi cha pili cha Freretown kilikulia shuleni. Vijana wake walikuwa miongoni mwa Waafrika wa mwanzo nchini kuajiriwa kuwa makarani, wakalimani, walimu na mafundi, na utawala wa kikoloni ulipopanuka kuelekea bara, wengi wao walihama kufuata kazi.

Mwaka 1903 CMS ilifungua Freretown chuo cha theolojia cha kuwaandaa walimu wa dini na wachungaji. Chuo hicho kilihamishiwa Limuru mwaka 1930, na ndicho kilichokua hadi kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Paulo cha leo.

Kwa upande wa lugha, wamishenari wa Freretown na Mombasa walitumia Kimvita, lahaja ya Mombasa, katika tafsiri zao za Maandiko. William Ernest Taylor, aliyehudumu katika eneo hilo, alikusanya methali na misemo ya Waswahili na kuichapisha mwaka 1891. Mkutano wa nchi za Afrika Mashariki uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na tangu hapo Kimvita kikapungua katika vitabu vya shule na vya ibada.

Mchango mwingine ni kitabu cha James Juma Mbotela, mzaliwa wa Freretown na mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru. Kitabu hicho, Uhuru wa Watumwa, kilichapishwa mwaka 1934 na kusomwa katika shule nyingi za Afrika Mashariki. Wasomi wa fasihi hukihesabu kuwa kati ya kazi za mwanzo za nathari ndefu zilizoandikwa kwa Kiswahili na Mwafrika. Kinaeleza jinsi watu walivyokamatwa bara, wakapakiwa majahazini, wakaokolewa baharini na kuletwa Freretown. Kimeelekeza pia lawama na sifa kwa namna iliyowafanya wasomaji wa baadaye wakijadili sana, kwa kuwa kinawasifu mno Waingereza waliowaokoa watu hao.

Suala la ardhi

Wakazi wa asili wa Freretown waliishi katika viwanja vilivyokuwa mali ya misheni. Jamii za Wamijikenda zilikuwa na makaya na mashamba ya koo zao, na familia za mji zilikuwa na mashamba ya kurithi. Watu wa Freretown hawakuwa na kimojawapo. Hawakuweza kurudi walikotoka, kwa sababu wengi walichukuliwa wakiwa wadogo na hawakuijua njia ya kwao. Misheni ilipopunguza shughuli zake na mji ulipopanuka kwa mashamba makubwa, daraja na makazi mapya ya Nyali, thamani ya ardhi ilipanda na nafasi ya familia hizo ikazidi kuwa finyu.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 67, inaipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi jukumu la kuchunguza dhuluma za kihistoria kuhusu ardhi na kupendekeza namna ya kuzirekebisha. Wanaodai haki za aina hiyo huhitaji ushahidi wa makazi ya muda mrefu. Ndiyo maana rejista za ubatizo, ndoa na maziko zinazotunzwa na parokia za kale zina uzito unaozidi matumizi ya kidini. Kwa familia zisizo na hati za ardhi wala historia ya ukoo iliyoandikwa, jina la babu katika kitabu cha kanisa laweza kuwa ndilo andiko pekee linaloonyesha kwamba aliishi mahali hapo.

Hifadhi ya urithi

Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inaweka utaratibu wa kutangaza majengo na maeneo ya kihistoria kuwa mnara wa kitaifa katika Gazeti rasmi la Serikali. Jengo lililotangazwa haliruhusiwi kubomolewa wala kubadilishwa bila idhini, na anayekiuka hushtakiwa.

Kanisa la Emmanuel linaendelea kutumika kwa ibada chini ya Kanisa la Kianglikana la Kenya. Wageni wanaotaka kufahamu historia ya eneo hilo kwa ukamilifu wanaweza kuunganisha ziara ya Kengeleni na ya Rabai, katika Kaunti ya Kilifi, ambako Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yanaendesha jumba la kumbukumbu la Krapf karibu na kanisa la kale la Mtakatifu Paulo.