Nyasi Iliyozoea Kukanyagwa

Nyuma ya ploti nyingi za Nairobi na Kiambu kuna kipande cha ardhi tupu kisicho na kazi maalum. Nguo zinaanikwa pale, watoto wanacheza bano pale. Kiangazi ni vumbi, mvua ikinyesha ni tope hadi mlangoni. Siku wapangaji wakiamua kuchanga pesa wakifunike, swali huwa moja: tupande nyasi gani isiyokufa? Kwa sisi wa nyanda za juu, jibu limekuwa chini ya miguu yetu siku zote. Ni ile nyasi inayoitwa kikuyu.

Asili yake ni milima na nyanda za juu za Afrika Mashariki, kuanzia Ethiopia hadi Kenya, Tanzania na mashariki mwa Congo. Imeliwa na kukanyagwa na ng'ombe, mbuzi na wanyama wa porini tangu jadi, na inajua kujilinda. Mashina yake yanatambaa juu ya udongo na chini yake, na kila kifundo kinaweza kutoa mizizi. Ng'ombe akila majani, sehemu kubwa ya mmea bado iko salama. Hata maua yake yamejificha katikati ya majani; utaona tu vijiuzi vyeupe vikichomoza. Ndiyo maana mtaalamu wa mimea kutoka Italia, Emilio Chiovenda, alipochapisha jina lake la kisayansi mwaka wa 1903, jina hilo lilikuwa na neno clandestinum, yaani iliyofichika.

Hebu itazame tarehe hiyo. Mwaka mmoja tu kabla, 1902, utawala wa Mwingereza ulikuwa umepitisha Sheria ya Ardhi ya Taji, iliyofungua njia ya walowezi kugawiwa ardhi. Familia za Wakikuyu huko Kiambu na Limuru zikapoteza mashamba, na wengi wakaishia kuwa maskwota kwenye udongo wa babu zao. Kufikia 1906 Nairobi ilikuwa na klabu ya gofu. Mwisho wa 1913, klabu ya Muthaiga ikafungua milango yake. Walowezi walikuja na wazo lao kuhusu nyasi: si ya mifugo, ni ya kutazamwa na kuchezewa, na anayeikata si yule anayeketi juu yake.

Nyasi yenyewe nayo ikapanda meli. Kufikia miaka ya 1920 ilikuwa imefika Afrika Kusini, Australia na California. Yaani jina la watu waliokuwa wakifinywa kwenye vijipande vya ardhi lilikuwa likienea duniani bila kuombewa ruhusa. Leo viwanja vingi vya michezo Afrika Kusini vimefunikwa na kikuyu, na uwanja wa gofu wa Riviera, Los Angeles, unajulikana kwa nyasi hiyo. Lakini Marekani hiyohiyo imeiweka kwenye orodha ya kitaifa ya magugu hatari, na kuiingiza nchini humo kunahitaji kibali. Uwanjani inasifiwa, ikivuka mpaka na kuingia shambani, inalaaniwa.

Ukiipanda, basi, ijue tabia yake. Inataka jua, chini ya kivuli cha ukuta mrefu itadhoofika. Pwani, kwenye joto, watu wengi hupanda pemba, yenye majani mapana na inayovumilia kivuli kidogo. Huku juu, ngoja mvua za Machi. Lima, toa mawe, kisha panda vipandikizi vya kikuyu kwa nafasi ya sentimita 20 hadi 30. Wazuie watoto kwa wiki kadhaa hadi ishike. Jua kali likija itageuka rangi ya kahawia, lakini usiing'oe. Mizizi iko hai. Na usiipande karibu na sukuma wiki, kwa sababu itaingia huko bila kubisha hodi. Chimba mtaro mdogo kando, uukate kila inapojaribu kuvuka.

Ikishashika, kuna uamuzi mmoja umebaki, na huo hauhusu udongo. Mitaani tumejaa vibao vya "Usikanyage nyasi", hata mahali ambapo watoto hawana pengine pa kuchezea isipokuwa barabarani. Wazo hilo la nyasi ya kutazamwa tulilirithi pamoja na vilabu, na kwa kikuyu halina maana hata kidogo. Mmea huu umestahimili kwato za ng'ombe. Hautauawa na watoto kumi na mpira wa karatasi.

Kwa hivyo mkichanga pesa za vipandikizi, msichange za kibao.