Waaminifu Hata Mwisho: Habari za Susi na Chuma, Waliofika Bagamoyo Mwaka 1874

Mji wa Bagamoyo umeona mizigo mingi. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Ujiji na Unyamwezi ilimaliza safari yake hapo, wapagazi wakatua pembe za ndovu juu ya mchanga wa pwani; na watu wengi waliletwa wakiwa wamefungwa minyororo, nao wenyewe ndio waliokuwa bidhaa. Wako wasemao kwamba jina la mji limetokana na maneno “bwaga moyo”. Mpagazi alisema hivyo kwa furaha, kwa kuwa safari imekwisha; mtumwa alisema hivyo kwa uchungu, kwa kuwa hatarudi kwao tena.

Katika mwezi wa Februari 1874 uliingia mjini mzigo usiokuwa wa kuuzwa. Ulikuwa mwili wa Daktari David Livingstone, uliofungwa ndani ya gome la mti na kitambaa cha tanga, baada ya kuchukuliwa mabegani kwa muda wa miezi tisa hivi. Walioongoza watu waliouchukua ni wawili: Abdullah Susi na James Chuma.

Habari hii hupendwa sana na watoto wa shule, na kwa kawaida husimuliwa kana kwamba watumishi hawa walikuwa waaminifu tangu siku ya kwanza, wala hawakutetereka kamwe. Sivyo ilivyokuwa. Miaka mitano kabla ya bwana wao kufa, walimkataa, wakamwacha aende zake. Twataka kueleza kosa lile, na jinsi walivyoinuka; kwa maana aliyeanguka akasimama tena anaweza kutufundisha zaidi kuliko mtu tunayemwazia kuwa hakuanguka kabisa.

Kwanza tuwajue watu wenyewe. Chuma alikuwa Myao. Mwaka 1861, akiwa bado mtoto, alikuwa katika msafara wa watumwa karibu na mto Shire, na Livingstone pamoja na Askofu Mackenzie wakaufungua msafara ule, wakawapa watu uhuru wao. Susi alikuwa mtu wa Shupanga, penye mto Zambezi, naye aliajiriwa mwaka 1863 kufanya kazi ya merikebu. Mwaka 1864 wote wawili walivuka bahari pamoja na Livingstone, kutoka Unguja mpaka Bombay, katika merikebu ndogo iliyoitwa Lady Nyassa. Safari ikachukua mwezi mmoja na nusu. Huko Bara Hindi Susi alifanya kazi bandarini, na Chuma akatiwa katika shule ya misioni, akabatizwa mwaka 1865, akaitwa James. Mwaka 1866 walirudi Unguja pamoja na bwana wao, wakashuka pwani ya kusini, wakaingia bara kwa njia ya Ruvuma.

Safari ile ilikuwa ya taabu tangu mwanzo. Watu kutoka kisiwa cha Nzwani walitoroka mwaka ule ule, wakarudi Unguja na kusema uwongo kwamba Livingstone ameuawa. Mwezi wa Januari 1867 sanduku la dawa liliibwa na wapagazi waliotoroka, na tangu hapo homa ilipomshika hakuwa na cha kujitibu. Njaa ilikuwa nyingi, mvua ilikuwa nyingi, na nguo za kununulia chakula zilikuwa zikipungua.

Basi, katika Aprili 1868, walipokuwa katika nchi zilizo kati ya ziwa Tanganyika na ziwa Mweru, Livingstone alitaka kugeuka kusini akalitafute ziwa Bangweulu. Watu wake walitaka kwenda Ujiji pamoja na wafanya biashara Waarabu, penye chakula na mapumziko. Wengi wakakataa kumfuata, na miongoni mwao walikuwa Susi na Chuma. Akaondoka na watu watano tu, akalifikia ziwa lile katika Julai.

Tulipime kosa hili kwa mizani ya haki. Walikuwa wamechoka. Walikuwa wamekwenda kwa miguu miaka miwili, na mwisho wa njia haukuonekana. Lakini Chuma alikuwa amepewa uhuru wake na mtu huyu huyu aliyemwacha. Tena alikuwa amekwisha kubatizwa. Maji ya ubatizo hayakumzuia asianguke, kama vile kula meza moja na Bwana wake hakukumzuia Petro asimkane penye moto wa makaa. Ubatizo si dawa ya kumfanya mtu asiweze tena kukosa.

Mwisho wa mwaka ule Livingstone alirudi kaskazini, na wale waliomwacha wakataka kurudi kwake. Angeweza kuwakataa, wala hapana ambaye angemlaumu. Aliwapokea wote. Akaandika katika daftari yake sababu zilizowafanya watende hivyo, akitafuta la kuwatetea, kisha akaongeza neno fupi, kwamba yeye mwenyewe pia ana makosa.

Twaona kwamba neno hilo lilimgharimu miaka mingi kulijua. Alipokuwa kijana hakuwa mwepesi wa kusamehe. Huko kusini, katika nchi ambayo leo ni Botswana, alimbatiza Sechele, mfalme wa Bakwena, mwaka 1848. Baada ya miezi michache Sechele alimrudia mmoja wa wake aliokuwa amewaacha, na Livingstone akamtenga na meza ya Bwana. Baadaye akaondoka katika nchi ile, akimhesabu kuwa ni kazi iliyoharibika. Lakini Sechele hakuiacha imani. Alizidi kusoma Maandiko na kuwafundisha watu wake mwenyewe kwa miaka mingi. Koleo lilikuwa limevunjika, lakini uhunzi haukukoma.

Kisha Livingstone naye alishindwa. Safari yake kubwa ya Zambezi ilizuiwa na maporomoko ya maji. Askofu Mackenzie alikufa kwa homa katika Januari 1862, na misioni yake ikavunjika. Katika Aprili ya mwaka ule ule Mary, mke wa Livingstone, alikufa akazikwa Shupanga. Mwaka 1863 serikali ya Uingereza ikamwita arudi, na huko kwao wengi wakamlaumu. Mtu aliyewapokea watoro mwaka 1868 hakuwa tena yule aliyemtenga Sechele. Alikuwa amevunjika, na kwa hiyo alijua namna ya kuwapokea waliovunjika. Huo ndio msamaha wa Kikristo: si mwenye haki kumhurumia mwenye dhambi kutoka juu, bali ni mdaiwa aliyesamehewa deni kumsamehe mdaiwa mwenzake.

Sasa tutazame matunda yake. Stanley alipofika Ujiji katika Novemba 1871, Susi na Chuma walikuwa bado pamoja na bwana wao. Stanley alipoondoka mwaka uliofuata walibaki naye, ingawa njia ya kwenda pwani ilikuwa wazi mbele yao. Wakamfuata mpaka Bangweulu tena, katika mabwawa na mvua, wakimbeba kwa machela alipokuwa hawezi kutembea. Tarehe 1 Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, walimkuta amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda chake.

Hapo palikuwa na nafasi nyingine ya kumwacha, nayo ilikuwa rahisi kuliko ile ya kwanza. Aliyewaajiri amekufa, hapana Mzungu wa kuwaangalia, kuchukua maiti katika nchi za watu ni hatari kubwa. Walifanya shauri, wakawachagua Susi na Chuma kuwaongoza, wakakata neno kumpeleka pwani. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari mmoja Unguja, aliutengeneza mwili. Moyo ulizikwa chini ya mti, na Jacob Wainwright, aliyesoma katika shule ya misioni huko Nasik, akasoma sala za maziko na kuchonga jina juu ya mti ule. Mwili ukatiwa chumvi, ukaanikwa juani kwa siku 14, ukafungwa.

Walipofika Kwihara, karibu na Tabora, katika Oktoba 1873, walimkuta Luteni Cameron, aliyetumwa kumtafuta Livingstone. Akawashauri wamzike pale pale. Wakakataa kwa adabu. Mbele yake, penye Kasekera, wenyeji hawakukubali maiti ipite katika nchi yao; basi wakafanya hila. Walitengeneza mzigo mwingine wa uwongo, wakaurudisha nyuma kana kwamba wanarudisha maiti kuzikwa, na mwili wenyewe wakaufunga upya ufanane na robota la nguo. Ndivyo walivyopita. Watu waliokataa kufuatana na bwana wao aliye hai mpaka ziwa Bangweulu, sasa walimchukua akiwa maiti zaidi ya maili 1,000.

Wakafika Bagamoyo. Mapadri wa Roho Mtakatifu walikuwa wameanza misioni yao hapo mwaka 1868, ndio mwaka ule ule wa kosa la Susi na Chuma, wakawa na kijiji cha watumwa waliokombolewa. Mwili ukawekwa kwao, na mnara wa kanisa lao la kwanza huitwa mpaka leo mnara wa Livingstone. Chuma alitangulia Unguja kupeleka habari kwa balozi wa Kiingereza. Merikebu ya vita Vulture ikaja kuuchukua mwili. Wachukuzi wakalipwa ujira wao, wakaambiwa kazi imekwisha. Wainwright peke yake ndiye aliyekwenda pamoja na mwili, akashika pazia la jeneza katika kanisa la Westminster tarehe 18 Aprili 1874.

Baadaye mwaka ule Susi na Chuma walipelekwa Uingereza na rafiki wa Livingstone. Walimsaidia Bwana Horace Waller kutengeneza kitabu cha habari za safari ya mwisho, naye, kwa heshima aliyokuwa nayo kwao, akayaacha baadhi ya maneno makali yaliyoandikwa juu yao katika daftari. Chama cha Jiografia cha London kilifanya medali 60 za fedha kwa ajili ya watu wa msafara, zenye maneno yasemayo kwamba walikuwa waaminifu hata mwisho.

Maneno ya medali ni ya kweli. Lakini tuyasome vizuri: yanasema hata mwisho, hayasemi tangu mwanzo. Bwana Waller alikusudia mema, lakini kwa kulificha kosa alituficha na neema pia. Mtoto asikiaye kwamba Susi na Chuma hawakukosa kamwe hujiambia, “Hao walikuwa watu wa namna nyingine, mimi si kama wao.” Akisikia kweli, hujua kwamba walikuwa watu kama yeye.

Na maisha yao hayakuishia Bagamoyo. Chuma aliongoza misafara ya Misioni ya Vyuo Vikuu, akafuatana na Askofu Steere, na mwaka 1876 alikuwamo katika msafara uliowapeleka watu waliokombolewa mpaka Masasi. Alikufa Unguja mwaka 1882. Susi alikwenda na Stanley mpaka Kongo mwaka 1879, akawako wakati wa kuanzishwa kituo cha mji ambao leo ni Kinshasa. Akarudi, akaongoza misafara ya misioni ile ile. Mwaka 1886 akabatizwa, akachukua jina la Daudi, lililokuwa jina la bwana wake. Alikufa Unguja mwaka 1891.

Hesabu iliyo hapo yafaa kukumbukwa. Tangu kosa la mwaka 1868 mpaka ubatizo wa mwaka 1886 ilipita miaka 18. Kazi kubwa ya kuuchukua mwili Susi aliifanya kabla hajabatizwa, na Chuma alianguka baada ya kubatizwa. Mungu hafuati daftari zetu. Kwa mmoja imani ilitangulia, ikasinzia, ikaamka. Kwa mwingine uaminifu ulitangulia, na jina la Kikristo likaja polepole nyuma yake.

Katika kila mtaa wako watu walioanguka: mwalimu wa dini aliyeondolewa kwa ulevi, mtunza fedha aliyeshikwa na upungufu, mume aliyekimbia nyumba yake. Aliyeanguka asiseme kwamba yamekwisha. Arudi, aombe, akubali kuanza na mzigo mdogo, maana Susi na Chuma hawakurudi wakiwa wakubwa. Walirudi kuwa wapagazi na watumishi kama zamani. Na aliyesimama asiseme, “Huyu tumemjua.” Ampokee, ampe kazi ya kweli ya kufanya, wala asimkumbushe jana kila siku. Kama Livingstone angewafukuza watu wale mwaka 1868, asingepata mabega ya kumfikisha Bagamoyo mwaka 1874.