Filamu Moja, Matoleo Matatu: Nyongeza kama Ushahidi katika Touch of Evil

Mkusanyaji wa filamu anaposikia kwamba filamu ya zamani imetolewa upya kwa ajili ya kutazamwa nyumbani, huuliza kwanza mambo mawili: picha imesafishwa kiasi gani, na diski imeongezewa nini. Ni maswali halali. Mtu aliyekwisha kuinunua filamu ileile kwenye kanda ya VHS, kisha kwenye DVD, kisha kwenye Blu-ray, ana haki ya kujua kwa nini atoe fedha tena. Hata hivyo, makala haya yanadai kwamba lipo swali jingine ambalo linapaswa kutangulia hayo mawili: je, toleo hili linanipa uwezo wa kulihukumu lenyewe? Nitalijadili kwa kutumia Touch of Evil ya Orson Welles. Kwa muda mrefu historia yake kwenye video ililijibu swali hilo vibaya, na baadaye ikalijibu vizuri kuliko filamu nyingine yoyote ninayoifahamu.

Welles aliipiga filamu hii mwaka 1957 kwa ajili ya studio ya Universal-International. Mtaa wa Venice, California, ulitumika kama mji wa mpakani kati ya Marekani na Mexico. Yeye mwenyewe aliigiza Hank Quinlan, mpelelezi mnene anayepandikiza ushahidi ili kuwatia hatiani watu anaoamini moyoni kwamba ni wahalifu. Charlton Heston alikuwa Vargas, afisa wa Mexico anayemfichua, na Janet Leigh akawa Susan, mke wa Vargas. Kazi ilipokuwa kwenye uhariri, studio ilimweka Welles pembeni, ikamwita mwongozaji mwingine, Harry Keller, apige vipande vya ziada. Welles alionyeshwa filamu jinsi studio ilivyoikata, kisha akaandika waraka wa kurasa 58, wenye tarehe 5 Desemba 1957, kwa Edward Muhl, mkuu wa studio. Baadhi ya maombi yake yalisikilizwa, mengi yakapuuzwa. Mwaka 1958 filamu ikatoka ikiwa na urefu wa dakika 95 hivi, tena kama filamu ya kusindikiza nyingine, The Female Animal, ambayo mwongozaji wake alikuwa Keller huyohuyo.

Huko Ufaransa mambo yalikuwa tofauti: mwaka uleule François Truffaut aliiandikia sifa kubwa. Filamu iliyowavutia wahakiki wa Paris ndiyo hii ya dakika 95, pamoja na makovu yake yote.

Katikati ya miaka ya 1970 nakala nyingine ya dakika 108 iligunduliwa kwenye hifadhi ya Universal. Nakala hiyo ilikuwa imetengenezwa kwa ajili ya onyesho la majaribio kabla filamu haijatolewa. Kwa kuwa ilikuwa ndefu zaidi, ilidhaniwa kuwa ndiyo kamili, na ndiyo iliyoenea kwenye video huku ile ya 1958 ikipotea. Hapa pana jambo ambalo mnunuzi hakuelezwa. Nakala ya dakika 108 ina kazi ya Welles iliyokatwa baadaye, ni kweli, lakini pia ina kazi nyingi zaidi ya Keller. Urefu wake haukuisogeza filamu karibu na mwongozaji kwa njia iliyonyooka. Ulimsogeza mtazamaji karibu naye hapa, ukamrudisha nyuma pale, bila alama yoyote ya kumwonyesha mpaka uko wapi.

Kisha likaja toleo la 1998. Mtayarishaji Rick Schmidlin na mhariri Walter Murch waliuchukua waraka wa Welles, ambao sehemu zake Jonathan Rosenbaum alikuwa amezichapisha katika jarida la Film Quarterly mwaka 1992, wakaihariri filamu kwa kuufuata. Hawakuwa na picha mpya, kwa maana vipande vilivyotupwa na studio havikupatikana. Walipanga upya kilichokuwepo. Onyesho lililokusudiwa kufanyika Cannes mwaka huo lilifutwa baada ya Beatrice Welles, binti wa mwongozaji, kulipinga. Mwaka 2000 toleo hilo likatolewa kwenye DVD peke yake. Kwa mara ya pili, toleo jipya likalifukia la zamani.

Tuangalie kwa karibu tofauti moja, ile ambayo kila mkusanyaji huanza nayo. Filamu inafunguka kwa shoti moja isiyokatwa ya zaidi ya dakika tatu. Mikono inaonekana ikitega saa ya bomu. Mtu anakimbia kando ya ukuta, anaificha baruti kwenye buti la gari, anatoweka. Bwana mmoja na mwanamke wanaingia garini na kuondoka. Kamera ya Russell Metty, ikiwa juu ya kreni, inapanda juu ya paa, inashuka mtaani, inalipata gari, inaliacha, inawafuata Vargas na Susan wanaotembea kwa miguu, inakutana na gari tena kwenye kituo cha mpakani. Mwanamke aliye garini analalamika kwamba kuna kitu kinagonga kichwani mwake. Muda si muda mlipuko unasikika.

Katika toleo la 1958 majina ya waigizaji na watengenezaji yamechapwa juu ya picha hiyo, na muziki wa Henry Mancini, tarumbeta na bongo, unatawala kuanzia mwanzo. Katika toleo la 1998 maandishi yameondolewa na muziki huo umetolewa. Kinachosikika ni mtaa wenyewe: redio ya gari lenye bomu inayokuja na kwenda, miziki inayovuja kutoka kwenye mabaa, honi, sauti za watu. Ndivyo Welles alivyokuwa ameomba. Murch aligundua kwamba chini ya muziki wa Mancini kulikuwa na mkondo mzima wa sauti za mtaani ambao karibu hakuna mtazamaji wa kawaida aliyewahi kuusikia. Matokeo yake ni makubwa kuliko yanavyoonekana kwenye karatasi. Toleo la 1958 linakuambia kwamba hatari inakuja. Toleo la 1998 linakuachia sikio lako likutafutie gari liko wapi, na hofu inazidi kadiri redio ile inavyosogea.

Naupenda zaidi ufunguzi wa 1998. Lakini uamuzi huo nimeweza kuufanya kwa sababu tu ninao ule wa kwanza wa kuulinganisha nao. Mnunuzi wa DVD ya mwaka 2000 hakupewa nafasi hiyo. Aliambiwa kuna kitu kimesahihishwa, lakini hakuonyeshwa kilichosahihishwa.

Kwa haki, DVD hiyo ilikuwa na nyongeza moja ambayo kwangu inapita mahojiano yote: waraka wenyewe, ukurasa kwa ukurasa, wa kusomwa kwenye skrini. Nyongeza nyingi za diski ni za kusifu. Mwigizaji mzee anasimulia jinsi mwongozaji alivyokuwa mtu wa ajabu, mtayarishaji anashukuru wenzake, muziki laini unapita nyuma. Waraka haupo kwa ajili ya kusifu. Ni ushahidi wa msingi, na mtazamaji akiusoma anaweza kumkagua Murch. Ombi hili limetekelezwa? Lile limetafsiriwa vipi? Palipokuwa na njia mbili, kwa nini wamechukua hii?

Ushahidi wenyewe nao unahitaji kusomwa kwa makini, na hapa ndipo nyongeza inapothibitisha thamani yake. Katika tukio ambapo Vargas anamwonyesha Menzies, msaidizi mwaminifu wa Quinlan aliyeigizwa na Joseph Calleia, kumbukumbu za kesi za zamani, kulikuwa na shoti ya karibu ya uso wa Menzies. Welles aliomba iondolewe, akatoa sababu ya kiufundi kwamba lenzi pana iliyotumika imeuharibu uso. Murch amesimulia kwamba sababu hiyo haikumridhisha, ila alitii, na akashangazwa na matokeo. Shoti ile ilimwonyesha Menzies akivunjika moyo palepale, kana kwamba amekwisha kumsaliti bwana wake. Bila shoti hiyo Menzies anabaki akipigana na nafsi yake, na usaliti wake mwishoni mwa filamu unapata uzito wa msiba. Welles alijua anachokitaka, lakini alikuwa akiwaandikia watu waliomfungia mlango. Aliwapa sababu ya lenzi, ambayo mkuu wa studio angeikubali bila ubishi, badala ya sababu ya sanaa, ambayo ingeleta mjadala.

Mfano huu unabadilisha namna tunavyopaswa kulitazama toleo la 1998 zima. Waraka ni barua ya mazungumzo. Mwandishi wake anaomba kile anachodhani atakubaliwa, anapongeza asichokipenda ili apate anachokihitaji, ananyamaza kuhusu mambo aliyoyakatia tamaa. Kuutekeleza neno kwa neno hakutupi filamu ambayo Welles angeitengeneza kama angeachwa huru. Kunatupa jibu la heshima, lililochelewa miaka arobaini, kwa barua ya Desemba 1957. Waliolitengeneza toleo hilo hawakudai zaidi ya hapo. Linaanza na maandishi yanayoeleza kwamba ni jaribio la kuheshimu matakwa ya Welles. Wanaolichukulia kuwa ndilo toleo la mwongozaji ni sisi wanunuzi, kwa kuwa tunatamani toleo la mwisho litakalotuondolea kazi ya kuchagua.

Wasomi wa fasihi ya Kiswahili hawatashangazwa na tatizo hili. Mhariri wa utenzi wenye miswada kadhaa inayotofautiana hatarajiwi kuchagua beti zinazompendeza na kuchoma zilizobaki. Anatarajiwa aonyeshe ubeti upi umetoka mswada upi, na pale alipobadili neno aseme. Sioni sababu ya filamu kudaiwa uadilifu mdogo kuliko huo.

Kuanzia DVD ya maadhimisho ya miaka 50, iliyotoka 2008, Universal iliyaweka matoleo yote matatu pamoja, na Blu-ray yake ya 2014 ikafanya hivyohivyo, waraka ukiwa umechapwa kama kijitabu. Kila toleo likapewa maelezo yake ya sauti: Rosenbaum na James Naremore kwenye lile la dakika 108, F. X. Feeney kwenye la 1958, na Heston, Leigh na Schmidlin kwenye la 1998. Leigh alifariki 2004 na Heston 2008, hivyo sauti zao ni kumbukumbu ya kweli. Lakini mtu mwenye muda wa kusikiliza maelezo mara moja tu ningemshauri aanze na Rosenbaum na Naremore. Wanabishana na picha, wanaeleza shoti ipi ni ya Keller na kwa nini inahisi tofauti, na hawamfanyi msikilizaji mtoto.

Yapo pia mabishano ya umbo la picha. Kufikia 1957 kumbi za Marekani zilikuwa zimezoea fremu pana ya uwiano wa 1.85 kwa 1, ilhali runinga kwa miaka mingi iliionyesha filamu hii katika umbo la karibu mraba, ambamo juu na chini huonekana mambo zaidi. Wapo wanaoapa kwamba dari za chini na vivuli vya Welles vinapumua vizuri katika umbo hilo la pili. Ushahidi wa kihistoria unaelemea fremu pana, nami nauelemea pia. Hata hivyo kampuni ya Uingereza ya Eureka, katika mfululizo wake wa Masters of Cinema, ilifanya jambo la kupongezwa mwaka 2011: ilitoa toleo la 1958 na la 1998 kila moja katika maumbo yote mawili, na lile la dakika 108 katika fremu pana. Mnunuzi asiyekubaliana na mimi anaweza kunionyesha kosa langu kwa diski ileile.

Pingamizi zito ninalolifahamu linahusu picha. Mwaka 2022 Kino Lorber ilitoa filamu hii katika 4K, kila toleo kwenye diski yake. Wapo wakusanyaji watakaosema kwamba giza la Metty, jinsi mtu wa mbele na mtu wa nyuma kabisa wanavyoonekana wazi kwa pamoja, ndilo filamu yenyewe, na kwamba anayeliona vizuri hahitaji kurasa 58 za barua. Nakubali nusu ya kwanza. Chembe za filamu zilizofutwa kwa kompyuta, au weusi uliogeuzwa kijivu, ni hasara ambayo waraka hauwezi kuifidia. Nusu ya pili siikubali, kwa sababu ukali wa picha hauonyeshi nani aliipiga. Shoti ya Keller ikisafishwa inakuwa shoti nzuri ya Keller, na mtazamaji asiyejua ataendelea kumhesabia Welles.

Kwa msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam kuna hesabu ya ziada. Afrika iko katika kanda B ya Blu-ray, Marekani iko katika kanda A, na diski iliyofungwa kwa kanda A haifunguki kwenye mashine ya kawaida ya huku. Diski ya Uingereza inafunguka, na za 4K hazina kikwazo hicho. Maktaba ya chuo inayofundisha filamu ingefanya vyema kuanza na ile ya Eureka. Huduma za kutazama filamu mtandaoni, ambazo ndizo rahisi kwa wanafunzi, kwa kawaida hutoa toleo moja bila waraka na bila maelezo, na mwanafunzi anaondoka akidhani ameiona Touch of Evil.

Atakayeitoa filamu hii safari ijayo hana haja ya kutafuta mahojiano mapya. Yangenitosha maandishi madogo chini ya picha, ya hiari, yanayotaja kwa kila shoti: Welles, Keller, imehamishwa kwa kufuata ukurasa fulani wa waraka, au imeachwa ilivyo kwa kuwa waraka haukusema. Kazi hiyo ingechukua miezi ya mtafiti mmoja mwenye subira, na kwa toleo lenye maandishi hayo ningelipa bei kamili hata kama picha yake ingekuwa ileile ya 2014.