Vibao Visivyosomeka: Hội An, Huế na Suala la Hati



Mtafiti wa miji ya mwambao wetu akifika Hội An, katikati ya Vietnam, hajioni mgeni kabisa. Nyumba ni za mbao, si za mawe, lakini riziki ya mji ilifuata pepo za msimu kama ya Kilwa na Lamu. Katika karne ya 17 vyombo vya Wachina na Wajapani vilishuka kwa upepo ambao sisi tungeuita kaskazi, vikarejea kwa kusi. Wajapani waliacha daraja lenye paa. Wachina waliacha kumbi za jumuiya zao. Mto Thu Bồn ulipojaa mchanga, biashara ilihamia Đà Nẵng, na ufukara uliofuata ndio ulionusuru majengo. UNESCO iliutambua mji huo mwaka 1999, mwaka mmoja kabla ya Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Hata hivyo, shabaha yangu leo si majengo bali maandishi yaliyo juu ya milango. Katika kumbi hizo, na katika majumba ya Huế, makao ya wafalme tangu 1802 hadi 1945, kuna vibao vya Kichina. Kijana wa Kivietinamu, hata aliyehitimu chuo kikuu, kwa kawaida hupita chini yake bila kuvisoma. Mgeni kutoka Taiwan husimama akavisoma.

Chanzo chake kiko papo hapo pwani. Francisco de Pina, Mjesuti wa Kireno aliyefika pande hizo mwaka 1617 na kufa maji mwaka 1625, alikuwa miongoni mwa Wazungu wa kwanza kuandika Kivietinamu kwa herufi za Kilatini. Alexandre de Rhodes, aliyejifunza kwake, alichapisha kamusi huko Roma mwaka 1651. Kwa muda mrefu hati hiyo haikutoka kanisani. Wasomi walishika Kichina, na kwa tungo za lugha yao walitumia chữ Nôm, hati aliyoitumia Nguyễn Du katika Truyện Kiều. Wafaransa waliikuza hati ya Kilatini ili kuwatenga wasomi na China. Mitihani ya kifalme ilikoma mwaka 1919. Ajabu ni kwamba wapinga ukoloni nao waliikumbatia, kwa kuwa mkulima aliweza kujifunza kuisoma kwa miezi michache. Septemba 1945, siku chache baada ya kutangaza uhuru, serikali ya Ho Chi Minh ilianzisha kisomo kwa hati hiyo hiyo.

Bila shaka mmeshaona ninakoelekea. Utendi wa Tambuka una nakala ya mwaka 1728 kwa hati za Kiarabu. Tahajia ya Kilatini tunayoitumia ilisanifishwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930. Sikubaliani na wanaosema tulipotea njia: umma ulijua kusoma kwa hati hii. Ila Wavietinamu walianzisha Hanoi taasisi maalumu ya kusoma hati zao za kale, ilhali sisi twawafunza wanafunzi tenzi kwa nakala zilizokwisha kunukuliwa na wengine, pamoja na makosa ya wanukuzi.

Na kazi yetu ni nyepesi kuliko yao. Maelfu ya vijana wetu wamejifunza herufi za Kiarabu chuoni kwa mwalimu wakiwa wadogo. Kilichobaki ni kuwafundisha jinsi waandishi wetu walivyoandika p, ch, v na ng’. Muhula mmoja watosha, na naomba uwe wa mwaka wa kwanza.